Wa Kumpokea Mama Kaburini

Mama alifariki alfajiri, na kabla jua halijawa kali mjomba Twalib alikuwa ameshapanga kila kitu. Sisi watu wa pwani hatulazi maiti ndani tukisubiri wageni wa mikoani. Ukifa asubuhi, alasiri uko chini ya mchanga. Mjomba ndiye ndugu pekee wa mama aliyebaki hai, mzee wa magoti mabovu na sauti nzima. Alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, mkongojo mapajani, akagawa kazi: huyu akanunue sanda, huyu aende msikitini kuchukua jeneza, yule awapigie simu vijana wa Mjimwema, kule Kigamboni, waanze kuchimba kwenye makaburi ya kwetu. Kila aliyetajwa aliitika na kuondoka. Halafu akanigeukia mimi.

"Wa kumpokea mama yenu kaburini ni mie, wewe Mfaume, na Kondo. Kondo apigiwe simu sasa hivi."

Nikaitika, "Sawa, mjomba." Kisha nikaenda nyuma ya banda la kuku nikatapika.

Kwetu mwanamke hapokelewi kaburini na mtu yeyote tu. Wanashuka maharimu zake, yaani wanaume ambao dini imewaharamishia kumwoa: mwana, kaka, mkwe. Wanasimama shimoni, wanakabidhiwa maiti mikononi, wanamlaza. Wakati huo wote watu walio juu wanatandaza shuka juu ya kaburi na kulishika pembe zote, ili hata umbo lake ndani ya sanda lisionwe na macho ya watu. Ni heshima kubwa na ni desturi nzuri, sina neno nayo. Lakini hebu mfikirie aliye chini ya hilo shuka.

Mimi siwezi kukaa mahali palipofungwa. Naendesha bajaji, na watu hudhani ni kwa sababu nimeshindwa kupata gari. Si hivyo. Bajaji haina milango. Lifti sijapanda na sitapanda. Shangazi yangu alipolazwa ghorofa ya juu kabisa nilipanda ngazi kila siku na mfuko wa machungwa, nikafika juu nahema kuliko mgonjwa. Mlango ukifungwa nyuma yangu kifua kinabana, masikio yanavuma, na inanitoka sauti ambayo siijui kuwa ni yangu. Chausiku, mke wangu, alipolisikia jambo hili aliniuliza kama nilifungiwa kabatini utotoni. Sikufungiwa na mtu. Nilizaliwa hivyo, kama wengine wanavyozaliwa na kengeza.

Waliojua walikuwa wawili, mama na Chausiku, au ndivyo nilivyoamini. Mama alijua tangu nikiwa mdogo na hakuwahi kulitaja. Alichofanya ni kung'oa komeo la mlango wa choo cha uani. Basi. Miaka yote hiyo choo chetu hakikuwa na komeo. Aliyemo ndani anakohoa au anaimba, anayekuja anasubiri. Wageni walilalamika, wapangaji walinung'unika, Hamisa dada yangu alilia kwa aibu siku wachumba walipokuja. Mama akawaambia wote kwamba mlango ule mbovu, haushiki komeo. Mlango ulikuwa mzima wa mninga.

Sasa Kondo. Huyu alikuwa mume wa Hamisa, na walipooana waliishi kwetu mpaka walipopata chumba chao. Ni dalali wa viwanja pale mtaani kwetu Tandika, na mdomo wake ndio mtaji wake. Akikaa kijiweni kwenye kahawa hakuna anayepita salama, kila mtu atabandikwa jina. Mjomba wangu kampa Gia Mbovu, kwa ajili ya magoti. Muuza nyama, mtu mnene kuliko mlango wake, kampa Nusu Kilo. Mwalimu Theonest, jirani yetu Mhaya anayefundisha Kiswahili sekondari, kampa Kamusi. Na jina la Kondo halifutiki. Nusu Kilo alipokwenda hija akarudi alhaji, watu wakamwita Alhaji Nusu Kilo. Mimi pekee hakunipa jina, na nilijisifu moyoni kwamba ananiogopa.

Alipoingia kwetu aliona choo hakina komeo, akashangaa, akanunua jipya na kulipiga skrubu mwenyewe. Kesho yake halikuwepo, yamebaki matundu tu mlangoni. Mama alimwita chumbani kwake. Nadhani alimkaripia, kwa sababu alitoka kimya, na habari ya komeo haikusikika tena.

Baadaye akaoa mke wa pili Mbagala, kimyakimya. Hamisa alidai talaka yake na akapewa, na mimi nikamwambia Kondo mbele ya watu asikanyage tena mlangoni kwetu. Hakukanyaga. Mama peke yake ndiye aliyeendelea naye. Kila Ramadhani alimpelekea bakuli la futari, na ukimuuliza anakujibu kwamba talaka ni ya mke, mkwe haachwi.

Na kwa mujibu wa dini alikuwa sahihi. Mkwe ni maharimu wa mama mkwe wake milele, talaka itoke isitoke. Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa na mambo mawili ya kuyaogopa. La kwanza shimo. La pili ni kwamba nitakapoanza kupiga kelele ndani ya shimo, atakayekuwa amesimama kando yangu ni Kondo. Jioni yake ningekuwa na jina, na ningezikwa nalo.

Nilitafuta njia ya kutokea. Nilimfuata ustadhi wa msikiti wetu, aliyekuwa barazani akipanga majamvi ya kukalia, nikashika kiuno na kukunja uso.

"Ustadhi, mgongo wangu umekatika juzi kwa kusukuma bajaji. Ikiwa mwana hawezi kushuka inakuwaje?"

"Dini haina uzito, Mfaume. Atashuka mzee yeyote mcha Mungu. Mzee Shomari yupo, amezika wengi."

Nilishusha pumzi. Mzee Shomari ni mtu wa heshima, mikono mikubwa, moyo mtulivu. Kwa muda mfupi nilihisi nimepona. Nikaenda kusaidia kufunga turubai, tena nikajisahau nikapanda juu ya ngazi na mgongo wangu uliokatika.

Hamisa akanikuta pale. Alikuwa ametoka chumbani alikooshewa mama, mikono inanuka kafuri na udi, macho mekundu.

"Kaka, shuka."

Nikashuka.

"Mama tumemaliza kumwosha. Amekuwa mwepesi, kaka, utadhani mtoto." Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Jana jioni alinishika mkono. Akasema, Hamisa, mtu baki asinishike. Nikamwambia hawezi kukushika, mama, kaka yupo. Akaniuliza tena, Mfaume yupo? Nikamwambia yupo. Akasema na Kondo lazima aitwe. Sijui alimpendea nini mtu yule mie."

Mnapaswa kumjua mama. Nguo zake alijishonea mwenyewe ili fundi mwanamume asimpime. Hospitali alipoletewa daktari mwanamume alijifunika gubigubi akasema atasubiri wa zamu nyingine, na akasubiri mpaka jioni, homa imempanda. Mama yangu, Bi Zubeda, hakuwahi kushikwa kiuno na mtu baki tangu azaliwe. Leo nimkabidhi kwa Mzee Shomari kwa sababu mwanawe anaogopa shimo? Nilijiona mtu duni kabisa.

"Utaingia, kaka?"

"Nitaingia," nikasema.

Chausiku alinivutia kando, nyuma ya pipa la maji. "Baba Rehema, mwambie mjomba ukweli. Ugonjwa si aibu."

"Nimwambie nini? Mwanamume mzima naogopa shuka?"

"Basi utazimia mle."

"Nikizimia wanizike humohumo, nitakuwa nimewapunguzia kazi."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Maiti ilisaliwa msikitini baada ya adhuhuri, kwa sababu mjomba aliogopa foleni ya darajani. Kondo nilimwona kwenye safu ya nyuma, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya darizi. Tulipotoka alinijia na mkono mbele.

"Makiwa, shemeji."

Nilimshika vidole tu. "Utashuka?"

"Mama aliniambiaga zamani nitashuka. Nitakataaje?" Akanitazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu. "Na wewe?"

"Mie mwanawe. Swali gani hilo?"

Alitikisa kichwa akaenda kupokea jeneza. Niliuona mtazamo ule kuwa ni wa dalali anayekagua nyumba yenye ufa, na chuki yangu ya zamani ikachemka upya.

Jeneza lilipakiwa kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo chenye nyuma wazi, nikapanda nyuma nalo, mahali penye upepo. Mwalimu Theonest alikuwa na gari lake la kubeba wazee, lakini akaona ni heshima kukaa na mfiwa, akamwachia ufunguo mtu mwingine na kupanda nyuma pamoja nami. Ni mtu mwema. Felicitas mkewe alikuwa uani kwetu tangu asubuhi akikoroga masufuria. Ila Mwalimu ana ugonjwa wa kuuliza majina ya vitu, na siku ile aliuchagua msiba wangu.

"Mfaume, pole sana. Hili nalo mnaliita jeneza?"

"Jeneza."

"Kwetu jeneza linazikwa pamoja na mtu. Hili linarudi msikitini?"

"Linarudi."

"Kwa hiyo mama anaingia na nini?"

"Na sanda."

"Moja kwa moja udongoni?"

"Kwenye mwanandani, Mwalimu. Chini ya kaburi, ubavuni, linachimbwa jingine dogo la kumtosha yeye. Analazwa humo, zinawekwa mbao, halafu ndiyo udongo."

"Kaburi ndani ya kaburi," akasema kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu. "Mwanandani!"

Nilishika ukingo wa kirikuu. Mpaka wakati huo nilikuwa nafikiria shimo moja. Sasa alikuwa amenikumbusha kwamba ndani ya shimo kuna shimo, na kwamba nitalazimika kuinama kulielekea. Tulikuwa tunapanda Daraja la Nyerere, maji yako chini pande zote, upepo unapiga kanzu zetu, na mimi nilitamani daraja liendelee mpaka Zanzibar.

"Na nimesikia mjomba hasemi kuzika," Mwalimu akaendelea. "Anasema kumsitiri. Sisi Bukoba mtu wetu tunampumzisha kwenye migomba, nyuma ya nyumba, karibu na wenzake. Mbona nyie mnasitiri?"

"Kuzika ni kufukia tu, Mwalimu, hata mbwa anafukiwa. Kumsitiri mtu ni kumfunika asionekane katika udhaifu wake. Maiti hana nguvu ya kujivutia nguo. Wewe ndiye unayemvutia."

"Hilo ni neno zuri sana," akasema taratibu, na kwa bahati akanyamaza mpaka tukafika.

Makaburi ya kwetu Mjimwema yako kando ya minazi, mchanga wa juu mweupe, wa chini mwekundu mgumu. Vijana wa pale walikuwa wamemaliza, wamejiegemeza kwenye majembe. Nilikwenda mpaka ukingoni nikachungulia. Kaburi lingenifika mabegani, jembamba, na chini upande wa kibla kinywa cheusi cha mwanandani kiko wazi. Punje za mchanga zilikuwa zinateleza zenyewe kutoka juu, kidogokidogo, na kila zilipoanguka nilizisikia. Nikaanza kuhesabu pumzi zangu kama Chausiku alivyonifundisha, nikapotea hesabu, nikaanza tena.

Kondo alivua kandambili akashuka, mwepesi. Mjomba Twalib alikuwa wa pili. Alikaa ukingoni, akateremsha mguu mmoja, goti likagoma. Akajaribu mwingine, akapiga yowe la maumivu, watu wakamdaka kwapani wakamvuta nyuma.

"Mzee, wewe bakia juu," ustadhi akasema. "Wawili wanatosha. Mfaume, mgongo vipi?"

Watu wote walinitazama. Mzee Shomari, ambaye bila shaka alishaambiwa habari ya mgongo wangu, alianza kukunja mikono ya kanzu yake kwa upole, anasogea. Hakuwa na kosa lolote. Niliiona ile mikono mikubwa, ya heshima, ya mtu baki, ikielekea kwa mama. Nadhani hapo ndipo niliporuka. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka miguu ikigota chini na meno yakigongana, na Kondo akinishika bega nisianguke.

"Karibu, shemeji," alisema.

Halafu wakaleta shuka. Lilikuwa la kijani, la msikiti, zito. Lilipita juu ya vichwa vyetu, mwanga ukawa wa kijani, kisha ukawa mdogo, kisha sauti za watu zikaenda mbali ingawa niliona vivuli vya miguu yao. Ukuta uko begani kwangu huku, na ukuta uko begani kwangu kule. Nikasikia "Bismillahi" kutoka juu, na mama akaanza kuingia chini ya shuka, upande wa kichwa, mweupe, harufu ya kafuri imemtangulia. Nikampokea mabegani. Hamisa hakunidanganya, alikuwa mwepesi. Kondo akampokea kiunoni na miguuni. Tulikuwa naye mikononi, sisi watatu, na hapakuwa na nafasi ya mtu hata kugeuka.

Mchanga ukaniingia shingoni.

Ni punje chache tu. Lakini kifua changu kilikuwa kinasubiri kisingizio. Kikabana, masikio yakavuma, kijani kikawa cheusi, na ile sauti ikanitoka. Si kilio cha mfiwa, jamani, msije mkanipamba. Ulikuwa ukelele wa mtu anayezama. Mkono wangu mmoja ulimwachia mama ukaparua ukuta, udongo ukamomonyoka, na mimi nikajua kwa hakika kabisa kwamba tunafukiwa wote hai na kwamba nitamwangusha mama yangu.

Hakuanguka. Kondo alikuwa ameshapitisha mkono mmoja chini ya mgongo wa mama na kumwegemeza kifuani kwake, kanzu yake nzuri imeshika udongo. Kwa mkono wa pili akasukuma shuka juu, pembeni kule kwenye minazi ambako hakuna aliyesimama. Mstari wa mwanga ukaingia. Ukaingia na upepo.

"Nani anafunua huko?" mjomba alifoka juu yetu. "Msitirini mama!"

"Hewa, mjomba!" Kondo akapaza sauti. "Mie naishiwa pumzi, nipeni hewa kidogo!"

Kisha akanisogelea sikioni, na sauti yake haikuwa ile ya kijiweni.

"Angalia kule, shemeji. Mlango uko wazi. Unauona? Uko wazi. Haufungwi. Mama alinikatazaga kuufunga."

Niliangalia. Niliona makuti ya mnazi na kipande cha anga. Nilivuta pumzi moja, ikashuka mpaka tumboni. Na hapo, nikiwa nimesimama kaburini, nikaelewa kwamba siku ile ya komeo mama hakumkaripia. Alimwambia. Miaka yote Kondo alijua. Alijua alipokuwa anambandika kila mtu jina, alijua siku niliyomfukuza mbele ya watu na yeye akiwa na maneno ya kunimaliza pale pale. Alikuwa nayo mdomoni, mdomo ule, na hakuyatoa.

"Mshike kichwa," akasema. "Polepole. Hatuna haraka."

Tulimshika. Tuliinama naye tukamwingiza mwanandani, ubavu wa kulia, uso kibla. Nikafungua fundo la sanda kichwani, vidole vyangu vinanitii, nikamwekea shavu kwenye udongo. Lilikuwa baridi na laini. Nililia sasa, kilio cha kawaida, cha mtu aliyefiwa na mama, na hakikunibana popote. Kila mara nilipohisi kifua kinaanza nilitazama ule mstari wa mwanga, na kila mara mkono mmoja wa Kondo ulikuwa bado umelinyanyua shuka, unatetemeka kwa kuchoka.

Zilipoingia mbao za kuziba akanisukuma kwa bega. "Nitazipanga mie. Tangulia juu."

Nikatoka. Watu wakanivuta, nikasimama kwenye jua nikipepesa macho. Tukarusha udongo, vijana wakafukia, maji yakamwagwa, ustadhi akasoma talkini, watu wakaitikia dua. Hakuna aliyeniuliza kitu. Watu wa kwetu wakisikia kitu kaburini huwa wamekisikia kwa sikio la kushoto, hawakiulizi. Lakini Mwalimu Theonest si wa kwetu, na moyo wake ni mweupe. Tulipokuwa tunanawa miguu kwenye bomba alinishika mkono kwa huruma.

"Mfaume, nani aliumia mle ndani? Nilisikia mtu amepiga ukelele."

Watu waliokuwa bombani waliacha kunawa. Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo ningesema nini.

"Ni mie, Mwalimu," Kondo akasema nyuma yangu. Alikuwa anakung'uta kofia yake. "Mwenzako mle ndani pumzi zilikata. Kama si shemeji kumshikilia mama, ningeaibika."

Mjomba Twalib alikuwa anasubiri nafasi ile tangu siku alipopewa jina la Gia Mbovu.

"Mwanamume mzima! Unapiga ukelele kaburini kama kuku anachinjwa, tena unafunua shuka! Unaogopa nini, unafikiri utaachwa humo?"

"Naogopa, mjomba," Kondo akajibu. "Mie mlango ukifungwa naogopa."

Watu walicheka. Ni kicheko cha mazikoni, cha chini chini, lakini walicheka. Nusu Kilo ndiye aliyelitamka, akiwa ameshika kandambili zake mkononi: "Basi leo kapatikana. Huyu ni Kondo Hewa." Wakacheka zaidi, na yeye Kondo akacheka nao, akainama kunawa uso. Alinawa kwa muda mrefu.

Kabla hatujavuka daraja kurudi jina lilikuwa limeshafika Tandika kwa simu. Niliona kwenye uso wa Hamisa tulipoingia uani. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mtalaka wake amepiga ukelele na kaka yake kamshikilia mama. Alinikumbatia mbele ya watu. "Asante, kaka," akasema, "najua mama ameridhika." Nilitaka kumwambia. Nilimtazama Kondo juu ya bega lake. Alikuwa mlangoni, hajui kama anaruhusiwa kupita, na aliponiona nataka kusema alitikisa kichwa mara moja, hapana, kisha akatazama pembeni kule kulikokuwa na choo.

Chausiku alikuwa anatutazama sote wawili. Alikwenda akamtandikia Kondo mkeka.

Vyakula vikaja, wali na maharage na mchuzi wa Felicitas, watu wakakaa kwa duara. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa ameshika birika na beseni la kunawisha, anaelekea kwa mjomba Twalib kama inavyotakiwa, mkubwa kwanza. Nilimpokea vyote viwili. Nikapita mbele ya mjomba, nikapita mbele ya ustadhi na Mzee Shomari, nikaenda mpaka mwisho wa mkeka, nikapiga magoti mbele ya Kondo.

"Nawa, shemeji," nikasema.

Alinitazama, akanyoosha mikono. Kucha zake zilikuwa bado na udongo mwekundu wa Mjimwema. Nilimimina polepole mpaka ukatoka wote, na nyuma yangu nilimsikia mjomba akigonga mkongojo chini akiuliza kama msiba umenitoa akili.